Nguzo ya Mubanga na Jicho la Mama Mkwe

Mpaka leo sijui sura ya mama mkwe wangu. Najua sauti yake, najua kikohozi chake, najua kitenge chake cha kwendea kanisani jinsi kinavyoonekana kwa nyuma, kwa kuwa kila nikimwona anakuja njiani mimi huingia majanini na kungoja apite. Ndiyo desturi ya upande huu wa ziwa. Mwanamume hamtazami mama wa mke wake usoni, hali naye, hakalii kigoda alichokalia, haingii jikoni akiwa humo, na akiwa na neno la kumwambia humpitishia mke. Heshima hiyo hulegezwa siku familia ya mke inapokupikia na kukuingiza rasmi nyumbani, na kuanzia hapo unaweza hata kumwomba chumvi. Sherehe yangu mimi ilipangwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa Mpulungu, mara ya pili nilikuwa Kasumbalesa, na mara zote mbili kuku waliliwa bila mimi.

Nilizaliwa ng'ambo, Kilwa ya Kongo. Nilipomaliza sekondari niliondoka, na tangu hapo miguu yangu haikujua kukaa. Nikiwa Lubumbashi nilitamani harufu ya samaki wanaoanikwa mchangani. Nikiwa Kigoma nilitamani mikate ya Lubumbashi. Nikiwa Kitwe nilimtamani hata yule mwenye nyumba wa Kigoma aliyekuwa akinigongea mlango alfajiri anitukane. Nimekuwa karani wa ghala, msimamizi wa mizigo, muuza vitabu vya shule, na kila mahali nilipofika nilikuwa na hakika kwamba pale nilipotoka ndipo palikuwa pazuri.

Miaka arobaini ilipokwisha kunipita nilifika Nchelenge, nikamwoa mwanamke anayeuza samaki wakavu. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuelewana bei na watu wa kwetu. Changu ni cha kuzaliwa, kikanyooshwa kidogo Kigoma. Tukichanganya na Kibemba chake tunasikilizana vizuri, hasa tukigombana.

Tulipanga chumba kando ya kiwanja cha mama yake. Kiwanja hicho kiko mteremkoni juu ya ziwa, nusu mihogo, nusu uwazi wa kuanikia, na upepo wa ziwa unakipiga bila kizuizi. Huku ardhi ni ya upande wa mama, na mwanamume ndiye anayekuja kujenga kwa wakwe. Mke wangu alikitaka kiwanja hicho. Mimi nilikitaka zaidi yake, ingawa sikumwambia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutaka kitu ambacho hakibebeki. Mama mkwe alipokuja kutoka Mwansabombwe kukaa kwa dada yake, ng'ambo ya njia, alikuja na neno moja tu la kuamua: atuachie sisi tujenge, ama aendelee kupanda mihogo.

Na hapo darubini ikaingia.

Niliipata Kitwe, katika rundo la vitu vya mtu aliyehama nchi. Bomba lenyewe lilikuwa zuri, jeupe, urefu wa mkono wa mtu mzima, kioo chake hakina mkwaruzo. Ndani ya boksi mlikuwa na macho mawili, yaani vile vioo vidogo vya kuchomeka nyuma: moja la kukuza sana, jingine la kukuza kidogo na kuonyesha sehemu pana. Ubaya ulikuwa miguu. Ilikuwa mitatu, ya bati jepesi, myembamba kama ya korongo, na pale inapokutana palikuwa na kipande cha plastiki kilichopasuka zamani. Nilikifunga kwa mpira wa ndani wa baisikeli. Ukipumua, mwezi unaruka. Ukikohoa, umepotea. Mke wangu alitazama mara moja akaniuliza kama mwezi umelewa.

Lakini alimsimulia mama yake, na mama mkwe akataka kuuona. Ieleweke kwamba yule mama ameuza chisense maisha yake yote. Chisense ni dagaa wadogo wa ziwa hili, wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukinenepa, dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanalala majumbani, vichanja vinakaa vitupu. Mama mkwe hajawahi kuutazama mwezi isipokuwa kwa kuulaani. Sasa alisikia kwamba mkwe wake ana chombo cha kuuleta karibu, akasema, kwa maneno ya mke wangu: "Mama anasema aone uso ya ule mwizi."

Nilichagua saa za jioni, jua bado halijazama, mwezi uliovuka nusu ukiwa juu ya mteremko upande wa mashariki. Mke wangu aliweka kigoda. Nililenga, nikakaza parafujo, nikaenda kusimama nyuma ya ua wa matete ili mama mkwe aweze kupita. Alikuja polepole kwa ajili ya goti lake. Nilisikia kigoda kikilia. Kisha alisema jambo kwa Kibemba, na mke wangu akanirushia juu ya ua.

"Mama anauliza, tangu wakati gani mu Nchelenge banafungaka mbuzi miguu juu?"

Darubini ya namna hii hupindua kila kitu juu chini. Kwa mwezi hakuna anayejali, kwa mbuzi inaonekana. Lile bomba lilikuwa limeinama lenyewe taratibu, likauacha mwezi, likaenda kumtazama mbuzi wa jirani kule mteremkoni.

"Umuambie mwezi ilikuwa pale," nikasema.

"Anasema pale kuko mbuzi."

"Ni miguu imelegea!"

"Ya darubini ao yako?"

Hilo la mwisho sijui lilitoka kwa mama au kwa binti. Lililofuata lilikuwa la mama, kwa sababu mke wangu alilitafsiri bila kucheka. "Anasema, mutu mwenye kintu yake haiwezi kusimama hata wakati kidogo wa mama kukaa kwa kigoda, yeye atamupa udongo, asimamishe nini?" Na akaongeza kwamba mama atabaki mpaka mwezi utakaofuata unenepe tena. Siku hiyo atatazama mara moja. Kisha atapanda lori la samaki arudi kwake, na kiwanja atakuwa ameshakitolea neno.

Nikawa na mwezi mzima wa kutafuta miguu.

Kwanza nilikwenda Kashikishi kwa mpiga picha wa arusi. Alikuwa na miguu mitatu mizito, myeusi, yenye kichwa cha kugeuka kila upande, na aliipenda kama mtoto. Aliniambia, "Hii imebeba kamera ya maarusi yote ya hapa, na haijaangusha bibi-arusi hata mumoja." Nikaiazima, nikaibeba begani mpaka nyumbani huku watoto wakiniuliza arusi iko wapi.

Kwa macho ilikuwa imara. Nilifunga bomba, nikalenga kilele cha mti, nikaondoka nikarudi: mti upo. Nilianza kucheka peke yangu. Mke wangu alikuwa akichambua dagaa kando, mikono imejaa magamba, na akauliza kwa upole, jambo ambalo huwa ni dalili mbaya.

"Ngoja. Ili ulenge, uliweka jicho yako hapa?"

"Ndiyo."

"Na mama naye ataweka yake hapahapa?"

"Ndiyo. Kuko tundu moja tu."

"Awe mwe! Ingali na moto ya jicho yako?"

Nikajaribu kumweleza kwamba jicho haligusi kioo, kwamba linakaa mbali kidogo, kwamba ni mwanga tu unaopita.

"Kwa kigoda pia mutu anakaliaka na nguo," akasema. "Umeisha kukalia kigoda ya mama?"

"Hapana."

"Bon, basi."

Nimesoma mpaka sekondari, lakini hakuna kitabu nilichopewa kilichosema umbali wa heshima kati ya jicho la mkwe na jicho la mama mkwe. Tukakaa tukapanga. Lile jicho la kukuza sana litakuwa langu la kulengea. Lile la kuonyesha sehemu pana litakuwa la mama, liletwe limeoshwa na kufungwa katika kitambaa cheupe, na mimi nisilitazamie kamwe. Mke wangu ndiye atakayechomoa la kwanza na kuchomeka la pili, kisha atatazama yeye na kulirekebisha, maana yeye ndiye daraja. Jicho lake halina hatia upande wowote.

Ilikuwa mipango mizuri kabisa, na ndiyo iliyoua miguu ya mpiga picha. Mke wangu alipochomoa jicho langu, nyuma ya bomba ikawa nyepesi, mbele ikawa nzito, na kile kichwa cheusi kikainama polepole kama mtu anayemsalimu mfalme. Tulikaza. Kikainama. Tulikaza mpaka parafujo ikalia. Kikangoja kidogo, kwa adabu, kisha kikainama. Nilielewa kwamba kamera ya arusi hutazama mbele, hutazama watu waliosimama duniani. Haikuwahi kuombwa kuinua uso juu kisha ibadilishwe jicho katikati ya kazi.

Nikairudisha Kashikishi. Mwenyewe akauliza, "Imeangusha mutu?" Nikamwambia bado, lakini ilikuwa karibu.

Baada ya hapo nilishuka ufukweni kwa fundi wa mabwato, yaani mashua za mbao, ambaye ni wa ukoo wa mke wangu na kwa hiyo ana ruhusa ya kunitania. Huniita mulamu, yaani shemeji, na hajawahi kunisalimu bila kuuliza kama nimekuja kuaga. Safari hii pia aliuliza.

"Mulamu! Unaenda wapi tena? Chienge? Uko na ndugu gani Chienge?"

Nikamweleza shida. Alisikiliza huku akipaka lami kwenye mshono wa bwato, kisha akasema shida yangu ni ndogo kabisa, kwamba watu wa mjini hawajui vitu vya kusimama. "Kintu ngumu inavunjikaka," akasema. "Bwato ngumu, wimbi moja, imeisha. Ya kudumu ni ile inajua kucheza na maji."

Alinitengenezea miguu mitatu ya mbao nyepesi iliyopindwa kama mbavu za bwato, ikafungwa kwa kamba ya nyavu, mafundo mazuri ajabu. Nilimsifu kwa moyo wote. Nilifunga bomba, nikaligusa kwa kidole, na mwezi mchanga wa siku chache ukaanza kucheza ngoma. Nikangoja utulie. Ulipokaribia kutulia, upepo ukaja kutoka ziwani na kuuamsha upya. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu, amekunja mikono, ana furaha.

"Unaona? Haivunjike!"

"Mulamu, sikuomba isivunjike. Niliomba isicheze."

"Isicheze kabisa?"

"Kabisa. Niiache, niende nyuma ya ua, mama mkwe aje na goti yake, mke wangu abadilishe jicho, na yenyewe ingali inatazama palepale."

Alinitazama kwa huruma. Kisha akatazama ufukwe wote kama anayeniagizia kitu dukani. "Kintu isiyocheza, hapa kwa mwambao mzima, iko ya namna moja tu." Akaonyesha nguzo za mubanga zilizochimbiwa mchangani, zile za kufungia mabwato. Mubanga ni mti mgumu na mzito. Mchwa huuonja na kuondoka. Nguzo nyingine pale zilikuwako kabla fundi hajazaliwa, na dhoruba zimevunja mabwato na kuziacha zenyewe.

Nilipoziona, nilishangaa kwamba nilikuwa nimetafuta miguu muda wote. Miguu ni ya kwenda.

Fundi alinipa moja iliyokuwa bado haijachimbiwa, na juu yake palihitajika shingo. Hiyo niliifikiria mwenyewe, na bado ninajivunia. Nilichukua baisikeli yangu, tukaikata pale mbele ambapo usukani hupita, tukakifunga kile kipande cha chuma juu ya nguzo kwa misumari ya bwato, uma wa gurudumu la mbele ukitazama mbinguni. Mahali gurudumu linapokaa, tukalilaza bomba kwenye ekseli yake. Likainuka na kushuka kati ya meno mawili ya uma, likageuka kushoto na kulia kwa gololi zake. Ukikaza nati, linabaki ulipoliacha. Ili lisiiname jicho linapochomolewa, tulifunga kwa nyuma risasi chache za nyavu, vile vizito vya kuzamishia wavu, tukiongeza na kupunguza mpaka likakaa sawa kama mizani ya mtu mwaminifu.

Mke wangu aliizunguka baisikeli iliyobaki bila mbele, akaigusa kwa kidole cha mguu.

"Sasa siku ukitaka kukimbia, utakimbia na nini?"

"Na lori."

"Lori banapanda kwanza mama."

Siku ya kuchimba tulichagua Alhamisi, akina mama wako kwenye ibada yao. Tulichagua uwazi wa kuanikia, katikati ya kiwanja, ambapo hakuna mti wa kuzuia. Fundi alichimba shimo kama anachimba kisima. Nguzo iliingia, ikabaki nje kadiri ya kiuno changu ili mtu aliyeketi aweze kutazama, na tukaishindilia kwa mawe na udongo wa kichuguu mpaka mikono ikakataa. Nikaisukuma kwa bega. Ilikuwa kama kusukuma Zambia.

Nilikuwa bado nimeegemea pale, jasho linanitoka, ninaufurahia ujinga wangu, niliposikia kile kikohozi njiani. Ibada ilikuwa imekwisha mapema.

Niliruka ndani ya mihogo. Fundi, ambaye hana haja ya kujificha kwa kuwa ni wa ukoo, alibaki peke yake na nguzo.

Ni hapo tu, nimechuchumaa, jani la mhogo likinichoma sikio, ndipo lilipoingia akilini mwangu jambo ambalo mtoto yeyote wa huku angelijua, isipokuwa fundi, ambaye kwake kila nguzo ni ya bwato. Kwenye ardhi ya ukoo, anayechimbia nguzo ni yule aliyekwisha kupewa. Nguzo ya kwanza ndiyo inayotangaza. Majirani huiona na kujua nani ni nani. Mimi nilikuwa nimesimamisha yangu katikati kabisa ya kiwanja cha mama mkwe, kabla hajatoa neno, siku alipokwenda kusali.

Mama mkwe hakupaza sauti. Alimwita binti yake, akasubiri afike, kisha akaongea Kibemba cha polepole ambacho hata mimi sikuhitaji kutafsiriwa. Lakini desturi ni desturi, na mke wangu akaigeukia mihogo.

"Mama anauliza, ile nguzo ni ya nyumba gani?"

"Si nguzo," nikasema kutoka majanini. "Ni mguu ya darubini."

"Anasema mguu yenye wamezika, haiko tena mguu."

Fundi akajaribu kunisaidia kwa heshima. "Mama, mukwai, kwetu kwa bwato hatuombake mchanga ruhusa."

Mama mkwe akamjibu mwenyewe, moja kwa moja. "Basi mtoto wangu angeolewa na bwato." Kisha akatoa amri: nguzo ing'olewe kesho yake, na mambo ya kuonyeshana mwezi yameisha. Nilimsikia akiondoka, goti na fimbo, goti na fimbo. Mke wangu alibaki amesimama pale, mgongo kwangu. Hakunitania. Hilo liliniumiza kuliko neno lolote, kwa sababu nimekwisha kuwa na watu wengine wa kunikasirikia katika miji mingine, mama wenye nyumba, wenye maduka, na kila mara dawa yangu ilikuwa kufunga begi. Sasa nilijikuta najiuliza kiwanja kile kitakuwaje bila sisi, na nilikitamani kama nilivyotamani miji yote niliyoiacha, ila hiki nilikuwa bado nimechuchumaa ndani yake.

Ijumaa alasiri tukaja kung'oa. Tulifunga kamba ya nanga shingoni mwa nguzo, mimi na fundi, tukavuta. Tukapumzika, tukavuta. Akina mama waliokaa kwenye vichanja vitupu vya jirani wakasogeza vigoda vyao wapate kuona vizuri. Mmoja akapendekeza tuimbe. Fundi akaita vijana wake wawili wanaosukuma mabwato, na wao wakavua mashati, wakavuta mpaka kamba ikakatika na sote wanne tukakaa chini kwa pamoja. Nguzo haikutikisika hata unywele. Tukachimba pembeni; yale mawe tuliyoyashindilia yalikuwa yameshikana kana kwamba yalikuwa na ugomvi nasi. Fundi akaniambia kwa sauti ya chini, kwa fahari isiyofaa wakati ule, "Mulamu, tumeifanya muzuri sana."

Mimi nilikuwa sijui kwamba mama mkwe alikuwa nyuma ya ua wa matete, mahali pangu, akichungulia muda wote. Nilijua tu mke wangu aliposema, "Ujifiche," na nikakimbilia mihogoni na mikono inayowaka.

"Mama anauliza, ile njo ya kuangalia mwezi?"

"Ndiyo, njo ile."

"Anauliza, mutaifanya sasa namna gani?"

"Tutaikata na msumeno."

Kukawa na mazungumzo ya Kibemba marefu kidogo. Kisha: "Anasema mbele ya kuikata, mulete kigoda."

Mwezi ulikuwa umeshavuka nusu, umekaa juu ya mteremko, mweupe katika mbingu ambayo bado ilikuwa na buluu. Fundi na vijana wake waliondoka ili mimi niweze kutoka mihogoni. Mama mkwe akageuza uso kuelekea ziwani kwa muda wa mimi kufanya kazi. Niliinua uma, nikalaza bomba, nikafunga zile risasi. Nikalenga kwa jicho langu. Mwezi hausimami, hilo halina dawa, kwa hiyo nililenga mbele yake kidogo, ili utakapofika mbele ya bomba mama awe ameketi. Nikakaza nati. Nikaenda nyuma ya ua wa matete, nikaanza kuomba, mimi ambaye husali nikiwa kwenye lori bovu tu.

Nilitazama kupitia matete. Mke wangu alikichomoa kioo changu. Bomba halikuinama. Alifungua kitambaa cheupe, akachomeka kile cha mama. Bomba halikuinama. Akatazama, akazungusha kidogo, na nikaona bega lake likishuka kama la mtu anayetua mzigo. Akasogea. Mama mkwe akaketi, mgongo kwangu, akaushika ukingo wa kitenge, akafunika jicho moja kwa mkono, akainama.

Kisha akausemesha mwezi wenyewe.

"Kumbe njo weye," akasema. "Angalia ulivyo. Umejaa mashimo kama mihogo ya panya. Na unatoka kila mwezi bila haya, unatupenda sana, unakuja kutuangazia vichanja tupu. Mwebantu, hata kunawa uso haunawi." Akaendelea hivyo, akiukumbusha msimu huu na msimu ule, dagaa waliokosekana, ada za shule zilizochelewa, mwaka aliokula mihogo na chumvi, na mwezi ukavuka kioo kile kipana polepole ukisikiliza yote, kwa kuwa haukuwa na njia nyingine. Akina mama wa vichanjani waliitikia kama kanisani.

Alipokwisha kuutukana hakuinuka. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja chake kwenye nguzo, chini ya uma, akaisukuma. Akarudisha jicho. Akasukuma tena, kwa nguvu za mtu aliyetwanga maisha yake yote, huku jicho likiwa palepale kwenye kioo. Nilijua anachokiona: mwezi unashtuka, unatetemeka kidogo, unarudi mahali pake. Akasukuma mara ya tatu kwa bega zima, mpaka kigoda kikasogea yeye akiwa juu yake, na kigoda ndicho kilichosogea.

"Haiangukake," akasema, kama anayelalamika.

Mimi nyuma ya matete niliacha kupumua, ingawa safari hii pumzi yangu haingedhuru kitu.

Mama mkwe akainuka kwa fimbo yake. Akatazama uwazi ule wote, kuanzia mihogo mpaka njia, kisha mahali nguzo iliposimama, akanung'unika kwamba ni katikati mno, mtu mwenye akili angeiweka pale utakapokuja ukuta wa jikoni. "Jikoni itabidi ikae huku," akasema, akionyesha kwa fimbo, "na mlango utazame ziwa, moshi usirudi ndani." Akaanza kuondoka. Alipofika usawa wa ua wangu akasimama, amenipa mgongo kama inavyopasa, na akamwambia binti yake kwa sauti kubwa ya kunifikia bila kuniita.

"Mwambie bwana yako asikate kitu. Na asinisimamishie nguzo moja katikati ya kiwanja kama mutu wa kufunga punda. Nguzo moja haibebi paa. Achimbe na zile zingine."

Mke wangu aligeuka kunitafsiria, akafungua kinywa, akashindwa kwa kicheko. Haikuwa lazima. Nilikuwa nimeshapiga magoti nyuma ya matete, napiga makofi ya shukrani kama wanavyopiga huku, ingawa viganja vyangu vilikuwa vimechubuliwa na kamba na kila kofi liliuma.